Ng'ombe wa Karatasi Zizini kwa Mzee Makuru

Leo nimeaibishwa na ng'ombe wa karatasi. Mbele ya kata nzima, na baba mkwe akiwa mstari wa mbele.

Wenzangu wa bweni lile la chuo, nawaandikia wote wanne barua moja, mpitishiane. Nimeona niwaandikie leo leo, kwa sababu kesho wachuuzi wa samaki watakuwa wameshaifikisha habari hii Musoma, na mtakapoisikia huko itakuwa imetiwa pilipili. Afadhali mnisikie mimi kwanza. Kisha mcheke, kama roho zenu zinaruhusu.

Mnajua nilipangiwa shule hii ya huku Butiama, na mnajua kuhusu Nyangeta. (Mlinicheka mlipoona picha yake, mkasema huyu hawezi kukubali mtu mwenye miguu kama yangu. Alikubali.) Baba yake, Mzee Makuru, ni mfugaji, na hataki kusikia habari ya fedha kwenye mahari. Ng'ombe tu. Ng'ombe wengi walitoka kwa baba zangu wadogo wa Bunda, walionichangia kwa manung'uniko. Akabaki mmoja, wa mwisho, na huyo nikaapa nitamnunua mwenyewe kwa mshahara wangu. Mzee akasema siku ng'ombe huyo akiingia zizini, mahari imekamilika, na baada ya Krismasi nimchukue binti yake.

Nikaenda mnadani Bunda. Sasa mimi mtoto wa Nyasho, mjini Musoma, mtoto wa fundi cherehani. Ng'ombe nilikuwa nawajua kwa kilo. Nilifika nimechelewa, mnada unamalizika, nikakutana na mtu njiani, nje kabisa ya uzio, anamswaga jike mmoja mzuri ajabu. Mwekundu, ana baka jeupe ubavuni lililoanzia begani na kuishia karibu na mkia, pembe ya kushoto imeinama inatazama jicho. Bei yake ilikuwa ya kirafiki. Yule mtu alikuwa na haraka. Hakunipa stakabadhi, na mimi sikuuliza. Nikadhani ana mgonjwa nyumbani, nikamwonea huruma.

Mzee Makuru alimzunguka yule ng'ombe, akampapasa mgongo, akasema, "Hapa umejitahidi, mwalimu." Wenzangu, sijawahi kusifiwa vile tangu nizaliwe. Hata cheti cha ualimu hakikunifurahisha hivyo.

Hapo ndipo klabu ya sanaa inapoingia.

Mwalimu Mkuu wetu hapendi klabu yangu. Walimu wenzangu wana shamba la pamba, wana mabanda ya kuku, kila mmoja ana kitu cha kuonyesha kwenye maonyesho ya kujitegemea. Mimi nina watoto wanaookota makopo. Aliniambia nisipoleta kitu cha maana maonyesho ya mwaka huu, watoto wangu watahamia kwenye kuku. Nikamwambia nitaleta ng'ombe. Akasema shule haina fedha ya ng'ombe. Nikamwambia huyu hali majani.

Tukaanza. Mifupa ni fito zilizofungwa kwa kamba ya katani. Tumbo ni magunia yaliyochanika ya pamba, yamejazwa nyasi kavu. Juu yake magazeti makuukuu ya ofisi, yakichanwa vipande, yakichovywa kwenye uji wa muhogo na kubandikwa tabaka juu ya tabaka, la chini likauke ndipo la juu lije. Ndani ya uji tulitia chumvi ili karatasi isiote ukungu. (Ishikeni hiyo chumvi, tutakutana nayo mbele.) Kwato tulikata kwenye malapa ya tairi. Pembe ni shingo za vibuyu. Macho ni vitako vya chupa. Masikio tulikata kwenye kiatu cha zamani cha Mwalimu Mkuu mwenyewe, alichokitupa, na mpaka leo hajui.

Magazeti yalitupa kazi. Kila ukurasa wenye picha ya kiongozi niliamuru uwekwe kando. Sikuwa tayari kuitwa ofisini kueleza kwa nini waziri amepakwa uji na kubandikwa kwenye matako ya ng'ombe. Matokeo yake mgongo wote ulifunikwa na matangazo ya mbolea na matokeo ya mpira.

Ila ng'ombe wa namna gani? Watoto walitaka dume. Mimi nikasema tutamtengeneza ng'ombe wangu. Yule yule, kama alivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sababu ya kufika kwa Mzee Makuru kila jioni bila kuonekana nafuata nini. Sasa nikawa naenda na kamba ya kupimia na makaratasi ya mitihani ya mwaka jana, nachora upande wa nyuma. Nampima ng'ombe shingo, nampima mguu, na Nyangeta akipita na ndoo namuuliza kama baka limeanzia hapa au pale. Nilimchora yule ng'ombe mpaka kope.

Kuna binti mmoja wa darasa la saba, Nyamboha, ana mikono mizuri kuliko yangu. Siku tunakata masikio alishika mchoro wangu akautazama sana.

"Mwalimu, hii alama ya sikio si ya huku," akaniambia. "Huku kwetu tunakataga ncha tu. Hii imekatwa ubavuni, tena mara mbili. Hii ni ya watu wa mbali."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia msanii habuni, msanii anaona. Kata kama ilivyo.

Akakata kama ilivyo.

Basi, leo. Siku ya maonyesho. Nimeamka na mawingu. Vuli ya mwaka huu imekataa kuondoka, na ng'ombe wangu alikuwa bado mbichi tumboni, ukimbonyeza kidole kinaingia. Tulikuwa tumemweka jikoni kwa mpishi wa shule akaushwe na moto, na mpishi alikuwa ameshachoka kupika uji huku anatazamwa. Tukamtoa nje tunamshikilia kama mgonjwa. Nikamaliza rangi: udongo mwekundu mwilini, masizi kwenye pua, chokaa kwenye baka. Chokaa ikaniishia kidogo kabla ya kumaliza, nikasema haidhuru, ni chini ya tumbo, nani atainama?

Watu wakaanza kufika. Wazazi, wanakijiji, wageni wa vijiji vya jirani. Katibu Kata alikuja na baiskeli, na mgambo wake wawili nyuma. Mzee Makuru alifika akiwa na koti lake la kanisani, akasimama mbele kabisa pamoja na wazee wenzake. Alikuwa hajamwona ng'ombe wa karatasi. Nilitaka iwe zawadi kwake, aone jinsi nilivyothamini kilichoingia zizini mwake. Nilisema leo nikimfurahisha mzee huyu, labda hata Krismasi hatutaingoja.

Ngonjera zikaimbwa. Kuku wakaonyeshwa. Pamba ikasifiwa. Kisha Mwalimu Mkuu, kwa sauti ya mtu anayetapika, akasema sasa tuone kazi ya klabu ya sanaa.

Tukavuta shuka.

Watu wakaguna, lile guno la chini la watu waliopendezwa. Akina mama wakacheka kwa furaha. Mtoto mmoja akalia. Ng'ombe alisimama pale uwanjani na jicho lake la chupa linang'aa, na kama usingekaribia ukasoma matokeo ya mpira mahali chokaa ilipokuwa nyepesi, ungemletea maji. Mwalimu Mkuu mwenyewe alisogea, akasahau kununa.

Lakini nikaona kitu. Wanaume hawakumtazama kama akina mama walivyomtazama. Wao walimsoma. Walianza kwenye pembe, wakashuka begani, wakaenda ubavuni, wakarudi kwenye sikio, na hapo kwenye sikio wakakaa. Mzee Makuru alitabasamu alipomtambua. Kisha akatazama wazee wenzake wanavyotazama, na tabasamu likapungua. (Mimi nikadhani ameguswa.)

Katibu Kata akaniita mbele nieleze. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, wenzangu, tena kwa jembe langu mwenyewe. Nilisema huyu si ng'ombe wa kubuni. Nilisema nimempima kwa kamba ng'ombe wa kweli, aliye hai, na hakuna alama hata moja niliyoitunga. Nilirudia. "Hata moja." Nikapigiwa makofi.

Makofi yalipokwisha, mzee mmoja akajitokeza kutoka nyuma. Simfahamu. Mfupi, ana fimbo ndefu kuliko yeye, kofia ya sufu. Baadaye ndiyo nimejua anaitwa Mzee Mafuru, wa Suguti, amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa huku, na mjukuu wake alikuwa kwenye ngonjera. Akamzunguka ng'ombe mara moja, polepole. Akalishika lile sikio la kiatu. Akaliachia.

"Hii ng'ombe ni yangu," akasema.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikadhani ni sifa, kwamba kazi imempendeza mzee mpaka anaitaka. Nikainama kwa heshima nikamwambia asante sana, baba, tumejitahidi.

Hakucheka. Akaniuliza kama huyo niliyempima ana kovu la moto chini ya tumbo, upande wa kulia, mahali alipoungua akiwa ndama.

Sasa hapa naomba mnisamehe. Mimi ni mtu wa sanaa. Mtu akiuliza kuhusu kazi yangu kwa undani namna ile, najisahau. Nikafurahi kwamba hatimaye nimempata mtu anayejua kutazama.

"Lipo, baba!" nikasema. "Nililiona kabisa. Ni chokaa tu imeniishia."

Wenzangu, nimewahi kusikia kanisa likiwa kimya. Nimewahi kusikia chumba cha mtihani. Sijawahi kusikia kimya kama kile cha uwanja wa leo. Nikatazama huku na huku nijue nimesema nini. Fimbo zilizokuwa zimelazwa mabegani zilikuwa zimeshushwa chini, kila mtu ameshika yake katikati. Wale wanaume walikuwa wamejipanga duara bila mtu kuwaambia, na mimi na ng'ombe wa karatasi tulikuwa katikati.

Hapo akili ikanifika. Ikafika yote kwa pamoja: uzio wa mnada, yule mtu, haraka yake, sikio. Nikapima kwa macho kama miguu yangu, hii mnayoicheka, ingenifikisha barabarani.

Huku Mara, mtu akiibiwa ng'ombe hapeleki malalamiko. Anapiga yowe, na vijiji vinatoka. Nimesikia hadithi za waliokutwa na ng'ombe wa wenyewe, na hakuna hadithi hata moja iliyokuwa ndefu.

Mzee Mafuru akasema aliibiwa jike lake usiku wa mvua, wiki kadhaa zilizopita, na nyayo zilipotelea barabara ya Bunda. Kisha Katibu Kata akanisogelea, mgambo nyuma yake, na mmoja wa mgambo alikuwa na kamba.

"Ndugu Mwalimu," akasema taratibu, "huyo ng'ombe umemwonea wapi?"

Nikamtazama Mzee Makuru. Mzee Makuru akatazama mawingu.

Nifanyeje? Nikisema nimembuni, nimetoka kutangaza kwamba sijabuni kitu. Nikisema yuko kwa Mzee Makuru, nimemtaja baba mkwe mbele ya kata nzima kwamba zizi lake lina ng'ombe wa wizi, na mzee wa namna hiyo hasubiri Krismasi kuniambia nitafute mke Nyasho. Nikamwona Nyangeta kati ya akina mama, amejishika mdomo. Katibu akarudia swali, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote: nani anajua ng'ombe huyu yuko wapi?

Na klabu yangu ya sanaa ikanyoosha mikono.

Yote. Mikono ya watoto wote ilipanda juu, imenyooka, vidole vimekaa sawa, kama nilivyowafundisha mimi mwenyewe kwamba mtoto mwenye adabu hapayuki, ananyoosha mkono na kungoja kuitwa. Niliwakodolea macho washushe. Wakadhani sijawaona, wakanyoosha zaidi. Katibu akamnyooshea kidole Nyamboha.

Nyamboha akasimama vizuri. "Yuko kwa Mzee Makuru. Mwalimu alikuwaga anaenda kumchora kila jioni."

Kila jioni. Hata hiyo ikatoka. Mama yake Nyangeta, ambaye siku zote hizi alidhani nafika mara moja kwa wiki, akageuka kumtazama binti yake.

Mzee Makuru akaacha mawingu. Akatembea mpaka katikati ya duara, akasimama karibu na mimi, si karibu sana. Hakupandisha sauti. Akawaambia watu kwamba ni kweli ng'ombe yuko kwake, na aliingia mchana, watu wanaona, kama mahari. Halafu akanyoosha fimbo yake mpaka ikakaribia kifua changu.

"Aliyemleta ni huyu."

Katibu akaamua twende zizini wote, mzee akamtambue ng'ombe wake. Na ng'ombe wa karatasi aje. Kwa nini aje? Kwa sababu ni kielelezo. Basi tukatoka. Mbele Katibu na wazee, katikati mimi na mgambo wangu wawili, nyuma watoto wa klabu wamembeba ng'ombe juu juu, na nyuma yao uwanja mzima, maana hakuna aliyebaki kutazama kuku. Njiani watu waliokuwa mashambani waliacha majembe wakauliza kuna nini. Wakaambiwa mwalimu amekamatwa na ng'ombe. Wakamwona ng'ombe. Wakaunga msafara.

Matone yakaanza kudondoka. Mepesi, hapa moja, pale moja. Na mimi, mtu ninayepelekwa kuhukumiwa, nikageuka nyuma nikawapigia kelele watoto wamfunike mgongo. Mgambo akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa akili.

Tukafika. Ng'ombe wa Mzee Makuru walikuwa wamerudi kutoka malishoni, wamejazana zizini. Mzee Mafuru hakuingia. Alisimama nje ya boma la miiba, akaweka fimbo chini, akapiga mluzi mfupi, kisha akaita jina kwa lugha ya kwao. Aliita kwa sauti ya chini, ya mtu anayemwamsha mtoto.

Nilikuwa naomba asiitike. Nakiri. Niliomba kwa Mungu na kwa wengine wote walio karibu.

Kichwa kimoja kikainuka katikati ya zizi. Pembe ya kushoto imeinama. Akaja moja kwa moja, akiwasukuma wenzake, akapitisha shingo juu ya miti ya lango, akaingiza pua kwapani mwa yule mzee. Mzee akamshika uso kwa mikono miwili. Na mimi, pamoja na hofu yangu yote, machozi yalinilenga.

Watoto wakamweka ng'ombe wa karatasi chini, kando ya yule wa kweli, ili Katibu alinganishe. Akalinganisha. Baka kwa baka, pembe kwa pembe. Akainama mpaka akaona kovu, akainama upande wa pili akaona mahali chokaa iliponiishia. Akainuka akanipa mkono.

"Kazi nzuri sana, Ndugu Mwalimu," akasema. Nadhani alimaanisha. Kisha akawaambia mgambo wanifunge.

Wakanishika mikono. Wanaume wakasogea. Ilikuwa imebaki kidogo sana, wenzangu, mtu mmoja tu kurusha fimbo ya kwanza. Nilijaribu kueleza habari ya mnada na yule mtu mwenye haraka, sauti ikatoka nyembamba kama ya mbuzi. Katibu akaniuliza stakabadhi. Sina. Akaniuliza jina la muuzaji. Silijui. Akasema basi, mtu anayeweza kuchora hivi bila shaka anaweza kumchora mwizi, na akaagiza niletewe karatasi. Nikaletewa. Nikashika penseli, uwanja mzima unatazama.

Nikachora kofia.

Nilifikiri sana, nikaongeza kamba ya kofia. Basi. Siku ile sikumtazama usoni. Nilikuwa namtazama ng'ombe.

Ndipo Mzee Mafuru akamwacha ng'ombe wake, akasogea, akaitazama ile kofia. Akanitazama mimi. Akaanza kutikisa mabega. Mzee alikuwa anacheka.

"Mwacheni," akawaambia. "Mimi nimefuata wezi tangu ujana wangu. Mwizi anakataga sikio upya. Anampaka ng'ombe matope. Anamchinja afiche ngozi. Sijaona mwizi aliyeiba ng'ombe, akampima kwa kamba, akatengeneza mwingine wa kufanana naye, akamleta mkutanoni, akatangaza kwamba hajabadilisha alama hata moja." Akanipigapiga begani. "Huyu si mwizi. Huyu ni mjinga tu."

Watu wakafikiri. Nikawaona wakifikiri. Mmoja akasema ni kweli. Mwingine akasema mtu wa Nyasho, ndugu zangu, mtu wa Nyasho anajua nini? Mwalimu Mkuu, ambaye nilitegemea angesema neno la kunitetea, alisema tangu nifike shuleni yeye ameniona hivyo hivyo. Katibu Kata akakubali hoja. Akatangaza, kwa sauti ile ile aliyofungulia maonyesho, kwamba Ndugu Mwalimu Majura ameonekana hana hatia, sababu ni ujinga, na kesho aende kituoni akaeleze habari ya kofia. Watu wakapiga makofi. Makofi mengi kuliko ya asubuhi.

Kamba ikafunguliwa. Mzee Mafuru akaondoka na ng'ombe wake, wote wawili hawana haraka. Nami nikadhani aibu imekwisha.

Mzee Makuru alikuwa bado yuko langoni mwa zizi. Nikamwendea, nikapiga magoti pale pale kwenye samadi, nikamwomba radhi. Nikamwambia nitamleta mwingine, anipe muda, asivunje. Nilisema mengi na mengine sikumbuki. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia hana ugomvi na mimi, ila mahari ilikuwa imekamilika asubuhi na sasa haijakamilika, na yeye hajawahi kuwa na zizi lenye nafasi wazi ya ng'ombe wa mahari, watu watasema nini?

Akawaita watoto wa klabu. Akawaonyesha kwa fimbo. Wakamwinua ng'ombe wa karatasi, wakamwingiza zizini, wakamsimamisha pale pale alipokuwa akisimama yule mwingine.

"Huyu atashika nafasi," akasema Mzee Makuru. "Ukileta wa kweli, utamchukua. Huyu akianguka kabla hujaleta, basi na maneno yetu yameanguka."

Nikacheka kidogo, kumuunga mkono mzee kwenye utani wake. Hakuwa anatania.

Na hamtaamini, lile fahali lake jeusi likasogea, likamnusa mgeni, likatoa ulimi, likamlamba begani. Likapenda. Likalamba tena. Chumvi, wenzangu. Ile chumvi ya kuzuia ukungu. Kabla sijatoka uani, baka lilikuwa limeshaanza kusomeka matokeo ya mpira.

Nyangeta akanisindikiza mpaka kwenye ua wa mkonge, mama yake akitutazama mlangoni. Nilitaka kusema kitu kizuri. Yeye akanitangulia. Akasema atamfunika kwa turubai la pamba usiku, na mchana atawafukuza wale wengine kwa fimbo kadiri awezavyo, lakini ana kazi nyingine pia. "Usichelewe," akaniambia. Halafu akageuka akakimbia, maana fahali alikuwa ameanza na sikio.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Yeyote kati yenu mwenye mjomba, shangazi, jirani, mwenye ng'ombe wa kukopesha, aniandikie upesi. Awe na stakabadhi. Awe na mwenyewe anayejulikana sura. Somo nimelipata: ukinunua ng'ombe, mtazame muuzaji.

Na tafadhali msinicheke leo. Upande wa ziwa kunanguruma, na mchumba wangu amesimama chini ya turubai na uji wa muhogo wa kubandikia sikio.